Mlango wa mbele, Tanga: shajara ya nafasi kati ya mlango na fremu

Kazi yenyewe: nyumba ya matofali ya saruji yenye matundu, mlango wa mbele unatazama kusini-mashariki, bahari iko karibu. Unatoka mlango wa paina wa mbao za kusimama zilizogongewa mbao tatu za kulala kwa nyuma, pamoja na fremu yake iliyoliwa na mchwa chini. Unaingia mlango wa paneli wa mninga, unene milimita 45, unaofunguka kwa ndani, kwenye fremu ya mninga ya inchi 4 kwa 2. Katika shajara hii "mlango" ni kile kinachozunguka kwenye bawaba, na "fremu" ni miimo miwili na kizingiti cha juu. Vipimo vya urefu visivyotajiwa kizio ni vya milimita, na vya unyevu ni vya asilimia.

Februari 3. Kusoma mlango wa zamani kabla ya kuung'oa

Mlango mbovu una maelezo mengi kuliko mwenye nyumba, kwa hiyo umepimwa kwanza. Upande wa kitasa, juu kuna mwanya wa 11, kati 9, chini 6. Ukingo wa mlango una alama za randa za rangi tatu tofauti za vanishi, maana yake umerandwa si chini ya mara tatu, kila mara wakati wa mvua ulipokwama. Mvua ikikatika ubao unasinyaa, na kilichorandwa hakirudi. Ndiyo sababu leo, kiangazi kikiwa kimekolea, kidole cha mtoto kinapita.

Hesabu inaonyesha kwamba mlango huu haukuwa na njia ya kupona. Ubao hautanuki kwa urefu wake, au tuseme unatanuka kidogo mno hata haufai kuhesabiwa. Unatanuka kwa upana. Mlango wa mbao za kusimama zilizobanana bila nafasi ni kama ubao mmoja wenye upana wa 900. Paina hutanuka kama asilimia 0.25 ya upana kwa kila asilimia moja ya unyevu inayoongezeka ndani yake. Unyevu ukipanda kwa asilimia 5 kutoka kiangazi hadi masika, 900 × 0.0025 × 5 ni zaidi ya milimita 11. Hakuna fundi anayeacha mwanya wa 11 kwa makusudi, kwa hiyo mlango ukakwama, ukarandwa, ukaachia, ukakwama tena.

Mlango wa paneli una umbo tofauti kabisa. Mbao za kulala zinakwenda na upana wa mlango kwa urefu wa nyuzi zake, hazitanuki upande huo. Paneli inaelea ndani ya mfereji wake. Kinachobaki kutanuka kwa upana ni zile mbao mbili za kusimama za pembeni, 130 kila moja, jumla 260. Hata kama zingekuwa za paina ileile, ni milimita 3 na robo tu.

Februari 4. Mbao na unyevu wake

Mbao za pembeni zimepimwa kwa kipima unyevu cha sindano, sehemu tatu kila ubao, si kwenye ncha: 13, 13, 14, 13, na mmoja 19. Wa 19 umewekwa kando, umepangwa kwenye kivuli juu ya vijiti, hauingii kwenye kazi hii. Ubao wa namna hiyo ukitumika utasinyaa ukiwa tayari umeshafungwa, na lawama itaangukia gundi.

Asiye na kipima anaweza kukata kipande cha urefu wa kidole kutoka katikati ya ubao, akipime kwenye mizani ndogo ya jikoni, akiweke kwenye oveni ya nyuzi 100 hivi hadi uzito uache kushuka, kisha apime tena. Gramu 228 zikishuka hadi 200, tofauti ni 28, nayo ukiigawanya kwa 200 ni asilimia 14. Inachukua siku nzima lakini haidanganyi.

Mahali mbao zilipokaushiwa pana uzito kuliko jina la mti. Kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 50 ubao hutulia karibu asilimia 9. Kwenye asilimia 80 hutulia karibu 16. Mlango uliotengenezwa bara wakati wa kiangazi, ukashushwa pwani na kufungwa siku iyo hiyo kwa mwanya wa milimita 2, utakwama bila kosa la aliyeutengeneza wala la aliyeufunga, isipokuwa kosa la kutoulizana. Uachwe ndani ya nyumba wiki mbili au tatu, umelazwa juu ya vijiti, hewa ipite pande zote. Usiegemezwe ukutani, utapinda.

Mninga umechaguliwa kwa kuwa ni miongoni mwa mbao zinazocheza kidogo sana. Mkongo nao ungefaa, na mtiki pia. Mvule unafaa, ila una vijiwe vya chokaa ndani vinavyokula meno ya msumeno. Katika hesabu zetu tunatumia asilimia 0.15 ya upana kwa kila asilimia moja ya unyevu, juu kidogo kuliko inavyostahili mninga, kwa sababu muuzaji akisema mninga si lazima uwe mninga.

Februari 5. Hesabu ya nafasi

Hapa ndipo mlango unapoamuliwa, kabla randa haijaguswa.

Unyevu wa leo 13, wa masika tunaukadiria 17. Tofauti 4. 260 × 0.0015 × 4 = 1.56, tuseme 1.6. Vanishi tabaka tatu kwenye ukingo wa mlango na tatu kwenye mwimo zitakula kama 0.3. Siku mbaya kuliko zote tunataka ibaki si chini ya 2, ili chumvi, vumbi na mchezo mdogo wa bawaba visilete kusuguana. Jumla 3.9. Upande wa kitasa basi ni 4.

Upande wa bawaba ni 2. Hapo mlango umeshikwa, hautanuki kuelekea upande huo. Utanuko wote unajitokeza kwenye kitasa. Anayegawanya nafasi nusu kwa nusu, 3 na 3, anapoteza milimita nzima mahali isipohitajika.

Juu ni 3. Mbao za pembeni zinakwenda urefu wote wa mlango, kwa hiyo kimo hakibadiliki na majira. Hizo 3 ni za kuvumilia mlango ukilala kidogo. Chini ni 6.

Fremu imekatwa ribeti, yaani ile ngazi ambayo mlango unaiegemea ukifungwa, kina 13 na upana 48. Zile 48 ni 45 za unene wa mlango na 3 za raba ya kuziba mwanya ikishabanwa. Kutoka ribeti hadi ribeti ni 900, na kutoka sakafu iliyokamilika hadi ribeti ya juu ni 2100. Mlango unatoka 900 − 2 − 4 = 894 kwa upana, na 2100 − 3 − 6 = 2091 kwa kimo.

Tatizo la mlango wa nje ni kwamba watu wawili wanaomba vitu vinavyopingana. Ubao unaomba mwanya. Mwenye nyumba, kwa ajili ya mvua, mbu na panya, anaomba usiwepo. Panya mdogo hupita penye milimita 6, mbu hata kwenye 3. Ukiziba mwanya kwa ubao, ubao utautengeneza upya kwa nguvu. Kwa hiyo mwanya unaachwa ulivyo, unafunikwa: pembeni na juu kwa ribeti na raba, chini kwa njia nyingine itakayoandikwa zamu yake ikifika. Mafundi wa milango ya nakshi ya Lamu na Unguja walilijua hili. Mahali mbawa mbili zinapokutana, mwanya hauzibwi. Umefunikwa na mfaa, ile nguzo ya katikati iliyofungwa kwenye ubawa mmoja na kulalia mwenzake.

Februari 6. Tundu la ukuta

Fremu ya zamani imetoka. Upana wa tundu: juu 991, kati 986, chini 994. Ukuta wa kushoto umelala 8 katika mita 2. Fremu mpya kwa nje ni 968, kwa hiyo mahali pembamba pana 9 kila upande za kabari. Inatosha. Ingekuwa chini ya 5 tungechonga tofali, kwa sababu fremu isiyo na nafasi ya kabari inafuata ukuta, na ukuta huu haujui timazi.

Matofali yana matundu, na plagi, lile ganda la plastiki la kushikia skrubu, haishiki kwenye hewa. Sehemu tatu za kukazia kila upande (250 kutoka chini, 250 kutoka juu, na usawa wa kitasa) zimetobolewa na kujazwa zege laini la kokoto ndogo. Upande wa bawaba imeongezwa sehemu ya nne nyuma kabisa ya mahali bawaba ya juu itakapokaa. Kumbuka hiyo ya nne.

Mstari wa mita moja juu ya sakafu iliyokamilika umechorwa kwenye kuta zote mbili kwa pima maji ya bomba, ule mpira mwembamba uliojazwa maji. Sakafu ya ndani ina vigae tayari, kwa bahati nzuri. Vigae visipokuwepo ndipo yanapotokea maafa ya kawaida: mlango unafungwa juu ya zege tupu, kisha vinakuja vigae vya 8 au 10 na saruji ya chini yake, na mlango unakatwa chini mara ya pili, ulimi wa mbao ya chini, yaani ncha yake iliyoingia ndani ya mbao za pembeni, unatokeza.

Februari 7. Kusimamisha fremu

Ncha za chini za miimo zimepakwa lami na kuwekwa juu ya vipande vya plastiki, zisinywe maji ya zege wala kumkaribisha mchwa. Mwimo wa bawaba umesimamishwa kwanza kwa timazi, pande zote mbili, usoni na ubavuni. Pima maji fupi ya sentimita 30 haifai kazi hii. Kwenye mita 2 inaficha kosa la milimita 4 bila wasiwasi. Kabari zimeingizwa mbili mbili zikikabiliana, ili mwimo usigeuke, na zote ziko mahali skrubu zinapopita. Kabari ikikaa mbali na skrubu, skrubu ikikazwa mwimo unajikunja kuelekea ukutani na mwanya unapanuka hapo tu.

Kisha ukaja mtihani ambao wengi wanauruka. Kamba mbili zimefungwa kwenye uso wa fremu kutoka kona hadi kona kama herufi X. Zikigusana katikati bila kusukumana, miimo iko kwenye uso mmoja. Zetu ziliachana kwa 3. Kuachana katikati ni nusu ya kosa la kona, kwa hiyo kona moja ilikuwa nje kwa 6. Mwimo wa kitasa ulikuwa wima kwa ubavu, wima kwa uso ukiupima peke yake kwa haraka, lakini chini yake ulikuwa umesogea kuelekea barazani. Umerudishwa, kamba zimegusana.

Kosa hili halionekani kwenye mwanya wa pembeni. Linaonekana mlango ukifungwa: juu unagusa ribeti, chini unasimama mbali nayo kwa 6, raba haifiki. Mwenye nyumba atasema mlango umepinda. Fundi atauranda uso. Mlango ulikuwa mzima.

Mishazari ya fremu: 2316 na 2317. Sawa.

Februari 8 hadi 17. Lipu

Mbao ya mshikizo ya upana kamili imebanwa katikati ya miimo, nyingine chini. Lipu mbichi ikigusa mwimo inauloanisha upande mmoja, na upande uliolowa unatanuka, mwimo unabinuka kuelekea ndani ya tundu. Bila mshikizo mwanya wa katikati unaweza kupotea wote. Fomu ya kopo, lile povu linalovimba, ni mbaya zaidi kwa jambo hili. Ikitumika, ijazwe nusu ya nafasi tu na mshikizo ukae hadi kesho yake. Hapa imetumika saruji na mchanga, 1 kwa 4.

Siku tisa bila kugusa. Mlango umetengenezwa huku ukingoja: ulimi kwenye tundu, gundi ya nje, vigingi vya mbao. Paneli hazikutiwa gundi popote, zina nafasi ya 3 kila upande ndani ya mfereji.

Februari 18. Kuranda na bawaba

Mlango umerandwa hadi 894 × 2091. Ukingo wa kitasa umerandwa mshazari: upande wa nje, ule unaoegemea ribeti, ni mwembamba kwa 2 kuliko upande wa ndani. Sababu ni ya jiometria tu. Mlango unazunguka kwenye pini iliyo upande wa ndani, na kona ya nje ya ukingo wa kitasa iko mbali zaidi na pini. Kwa unene wa 45 na upana wa 894, kona hiyo inajitokeza kwa 1.1 ikipita mwimo. Wakati wa kiangazi mwanya wa 4 unaimeza. Masika mwanya ukiwa 2, ikaongezeka raba na vanishi, ndipo inaanza kukwaruza, na mtu anaona mlango uliofungwa una mwanya mzuri lakini kuufungua ni vita.

Bawaba tatu za stenlesi za inchi 4. Karibu na bahari bawaba ya chuma cha kawaida inashika kutu, na kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwa. Inasukuma mlango kutoka kwenye mwimo na kula mwanya wa kitasa polepole. Bawaba ya shaba iliyofungwa kwa skrubu za chuma ni kosa jingine, skrubu ndizo zinazokufa kwanza.

Mlango una uzito wa kama kilo 40. Katikati ya bawaba ya juu iko 180 kutoka juu ya mlango, ya chini 240 kutoka chini, umbali kati yake ni 1671. Kwa uzito huo bawaba ya juu inavutwa kutoka ukutani kwa nguvu ya kama kilo 11 saa zote, mchana na usiku, hata mlango ukiwa umefungwa na hauguswi na mtu. Ya tatu imewekwa 350 chini ya ile ya juu, si katikati, kwa sababu hiyohiyo.

Kila bapa la bawaba limezamishwa 3, sawa na unene wake. Likizamishwa zaidi, mlango unabana upande wa bawaba kabla haujafika kwenye ribeti. Ukiusukuma unarudi kama una springi. Dalili ni skrubu zinazotoka zenyewe baada ya wiki chache. Dawa ni karatasi ngumu ya boksi nyuma ya bapa. Matundu ya skrubu yametobolewa kwanza. Mninga mkavu unapasuka pembeni bila kutoa taarifa.

Februari 19. Kuning'iniza na kupima

Vipimo vimepimwa kwa mashina ya keekee za 2, 3 na 4 zikisukumwa ndani ya mwanya. Asiye nazo atumie kadi za benki: moja ina unene wa 0.76, nne zikipangwa ni 3.

Bawaba: 2 juu hadi chini. Juu: 3 upande wa bawaba, 3 upande wa kitasa. Kitasa: 4.3 juu, 4.0 kati, 4.0 chini. Ile 0.3 imeachwa.

Chini, mlango ukiwa umefungwa 6. Kisha umefunguliwa hatua kwa hatua na kupimwa tena, kwa kuwa sakafu haijaapa kuwa sawa. Ukifika kama nyuzi 70 vigae vimepanda 3, inabaki 3. Unapita. Ingepanda 6 pangekuwa na mawili, kung'oa safu ya vigae au kuweka bawaba za kupandisha, zile zinazonyanyua mlango unapofunguka. Kukata mlango chini hadi uvuke kilima cha sakafu ni kumfungulia panya barabara. Kapeti nene la kufutia miguu likae nje.

Kitasa ni cha kuzamisha, ulimi wa funguo unatoka 20. Mwanya wa 4 ukitolewa, 16 zinaingia kwenye mwimo. Ulimi wa springi unatoka 12, zinaingia 8. Hapa ndipo mwanya mkubwa unapogeuka suala la usalama: kwenye mlango wa zamani wenye 9, ulimi wa springi ungeshika 3 tu, kazi ya kipande cha plastiki na sekunde chache.

Februari 20 hadi 24. Chini na kumalizia

Kizingiti cha chini ni zege lenye vigae, mteremko kuelekea barazani. Bapa la alumini la kusimama limezamishwa kwenye zege kwa silikoni, limetokeza 12 juu ya sakafu, urefu kutoka mwimo hadi mwimo. Chini ya mlango, upande wa nje, imekatwa ngazi ya kina 12, ili mlango ukifungwa mwili wake ukae nyuma ya bapa na ngazi ipite juu yake kwa nafasi ya 6. Maji yanayosukumwa na upepo yanagonga bapa na kurudi. Kwenye uso wa nje umefungwa ubao wa kutupia maji, wenye mfereji mwembamba chini yake. Mfereji huo usipokuwepo maji yanafuata tumbo la ubao na kurudi ndani. Brashi ya nailoni imefungwa nyuma, ndiyo inayowazuia wadudu.

Mlango umeshushwa kwa ajili ya vanishi. Hii ni kero, lakini haina mbadala. Kingo zote nne zimepakwa tabaka tatu, na ukingo wa chini nne, kwa sababu ncha za mbao za kusimama ziko hapo na ncha hunywa maji kuliko uso. Milango mingi inang'aa usoni na chini yake ni ubao mkavu mtupu. Tundu la kitasa nalo limepakwa ndani, pamoja na vitanda vya bawaba.

Baada ya vanishi: kitasa 4.0, 3.7, 3.7. Raba imewekwa mwisho kabisa, baada ya vanishi kukauka siku tatu. Ikibanwa mapema inagandana na ukingo na kutoka na vanishi yake.

Aprili 26. Masika

Mvua za wiki tatu, kusi imeanza. Kipima unyevu kwenye mbao za pembeni: 16. Mlango unafunga, ila juu ya kitasa chaki iliyopakwa kwenye mwimo imeacha alama kwenye mlango, kona ya juu.

Kitasa: 1.8 juu, 2.0 kati, 2.6 chini. Juu: 3 upande wa bawaba, 3.5 upande wa kitasa. Bawaba: ya juu inaonyesha karibu 3, ya chini 2.

Ukiangalia mwanya wa kitasa peke yake utasema ubao umetanuka na kuchukua randa. Vipimo vinasema jambo jingine. Chini mwanya umepungua kutoka 3.7 hadi 2.6, hiyo ni 1.1 na ndiyo kazi ya unyevu, tena ndani ya hesabu. Juu umepungua 2.2. Utanuko hauchagui juu au chini. Na mwanya wa juu ya mlango umeongezeka upande wa kitasa, kitu ambacho ubao ukitanuka hauwezi kukifanya. Mlango umelala. Bawaba ya juu imetoka karibu 1. Kila milimita inayotoka hapo inashusha ukingo wa kitasa zaidi kidogo ya nusu milimita (894 kugawanya kwa 1671), na kuisukuma kona ya juu kuelekea mwimo kwa karibu milimita nzima. Hesabu zinakutana.

Skrubu mbili za bawaba ya juu kwenye mwimo zilikuwa zimelegea. Nyuma ya ribeti mwimo umebaki 34 tu, na skrubu ya 40 inaingia ukutani kwa ncha. Mbili za katikati zimetolewa na mahali pake zimeingia za stenlesi za 90 zenye plagi, kupitia mwimo hadi kwenye zege lililojazwa Februari 6. Kabari imekaguliwa nyuma yake ili skrubu isiuvute mwimo ukutani.

Baada ya kukaza: 2.5 juu, 2.5 kati, 2.5 chini. Juu ya mlango 3 na 3. Randa haikutoka kwenye sanduku.

Mei 19

Unyevu wa ubao 17. Kitasa 2.3 kote. Ndani hakuna maji baada ya usiku wa upepo; kuna unyevunyevu wa upana wa kiganja kwenye kona ya chini ya bawaba, mahali bapa la alumini linapokutana na mwimo. Silikoni imeachia hapo. Imekwanguliwa yote, pamekaushwa, imewekwa mpya. Kuongeza silikoni juu ya kuukuu hakushiki.

Agosti 11

Unyevu 14. Kitasa 3.3, 3.2, 3.3. Raba bado inagusa pande tatu. Imejaribiwa kwa kipande cha karatasi kilichobanwa na kuvutwa kila sentimita 30, kimeshika kote isipokuwa kona ya juu ya kitasa, ambako raba ilikatwa fupi kwa milimita 5. Kipande kimebadilishwa. Vanishi ya uso wa nje imeanza kufifia theluthi ya chini, inapopigwa na jua la asubuhi. Tabaka moja litaongezwa Septemba, pamoja na ukingo wa chini, kabla ya vuli. Mlango utashushwa tena.